Sura ya Saba: Harufu Inayobaki Ozoni Ikishaondoka

Mpangaji akihama mtaani Kamenu, Thika, mwenye ploti hupata siku mbili tatu tu kabla mwingine hajashusha kitanda mlangoni. Sinki inasuguliwa, balbu inabadilishwa, kufuli linanunuliwa jipya. Rangi, kama haijabanduka, inaachwa. Kinachowashinda wengi ni harufu. Chumba cha futi kumi kwa kumi ambamo mtu amekaanga omena na kupika chapati miaka mitatu, akavuta sigara dirisha likiwa limefungwa kwa sababu ya baridi ya Julai, hakisafishiki kwa ufagio na sabuni ya sakafu. Mafuta yameingia ukutani, moshi umeingia kwenye dari, na unyevu wa msimu wa mvua umeota koga nyuma ya kabati. Mteja anafungua mlango, anakunja pua, anasema atarudi. Harudi.

Hasara hiyo si ndogo. Tangu barabara kuu ya Thika ikamilike mwaka 2012, Ruiru hadi Thika kumejaa nyumba za kupanga, na mteja asiyependezwa na chumba chako ana vingine vya kuangalia kabla ya jua kutua. Ndiyo sababu kisanduku cha ozoni kimepata wanunuzi. Ni kidude cha chuma chenye feni upande mmoja, mpini juu, na taima ya kuzungusha. Kinauzwa kwenye maduka ya mitandaoni, na lebo yake mara nyingi hujigamba kwa namba: miligramu 10,000 kwa saa, wakati mwingine zaidi. Maelekezo ni mafupi. Chomeka kwenye soketi, funga dirisha, toka nje, rudi baadaye ukute chumba kipya.

Ukirudi, kweli unakuta harufu ya zamani imepungua. Mahali pake pana ukali unaowasha koo. Ukali huo unapotea siku hiyohiyo, halafu inajitokeza harufu ya tatu ambayo haikuwamo kabla: ya mafuta yaliyochacha, yenye utamu wa ajabu, iliyochanganyika na kitu kama nyasi mbichi au plastiki iliyopata moto. Hiyo ndiyo inayokaa. Wiki inapita, mpangaji mpya analalamika, na keateka anamjibu kwa nia njema kabisa, "Ni ozoni tu hiyo, mama, itaisha."

Si ozoni. Ozoni iliisha zamani. Anachonusa mpangaji huyo ni vitu ambavyo ozoni ilivitengeneza kutokana na kuta, godoro na mafuta ya chumba chenyewe.

Kabla ya kueleza hayo, inafaa tujue imani kubwa tuliyo nayo kwa gesi hii inatoka wapi. Mkenya aliyesoma shule ya msingi amefundishwa kwamba tabaka la ozoni hutukinga na miale mikali ya jua, na kwamba majokofu ya zamani yalikuwa yakilitoboa. Sekretarieti inayosimamia Mkataba wa Vienna wa 1985 na Itifaki ya Montreal ya 1987, mikataba miwili iliyoliokoa tabaka hilo, iko Gigiri, Nairobi, ndani ya makao ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya imekuwa ikirusha puto kutoka Dagoretti kupima ozoni angani tangu miaka ya 1990, na ina kituo cha kupima hewa kwenye Mlima Kenya, juu ya mita 3,600. Tumezungukwa na watu wanaoilinda ozoni. Mtu akituuzia ozoni ndani ya kisanduku, tunahisi kama anatuuzia kipande cha kitu chema.

Gesi ni ileile, mahali ndipo tofauti. Ozoni inayotufaa iko kilomita 15 na zaidi juu ya vichwa vyetu, ambako hakuna mapafu. Oksijeni tunayovuta ina atomi mbili. Ozoni ina tatu, na ile ya tatu haitulii. Inatafuta chochote cha kukishika: mafuta, mpira, rangi, ngozi, utando laini wa ndani ya pafu. Haiwezi kubagua kati ya moshi wa sigara ya mpangaji wa zamani na koo la mtoto wa mpangaji mpya.

Wengi wetu tunaijua harufu yake bila kujua jina. Iko kwenye kibanda cha fotokopi chenye mashine ya zamani inayofanya kazi mfululizo bila dirisha. Iko karibu na fundi wa kuchomelea mageti, kwa sababu mwanga mkali wa welding hugeuza oksijeni ya jirani kuwa ozoni. Radi ikipiga karibu, upepo unaweza kuileta. Viwanda vya maji ya chupa huitumia kuua vijidudu, na huko ina kazi halali: inapitishwa majini ndani ya mitambo iliyofungwa, chini ya usimamizi, na inageuka oksijeni kabla mteja hajafungua kifuniko. Chumba cha kulala si mtambo uliofungwa.

Tupige hesabu kidogo, maana hapa namba zinasema kuliko maonyo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu asikae kwenye hewa yenye ozoni zaidi ya mikrogramu 100 kwa kila mita ya ujazo, kwa wastani wa saa nane. Chumba cha futi kumi kwa kumi chenye dari ya kawaida kina mita za ujazo kama 24. Ili kijae ozoni hadi kikomo hicho, zinahitajika miligramu 2.4 tu. Kisanduku cha miligramu 10,000 kwa saa, kama lebo inasema kweli, hutoa karibu miligramu 2.8 kwa sekunde. Sekunde moja inatosha. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inahesabu sehemu tano za ozoni kwa milioni ya hewa kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai. Katika chumba hicho kiwango hicho kinafikiwa ndani ya dakika moja na nusu hivi. Wauzaji hupendekeza nusu saa, saa, hata saa mbili.

Kuna na vile visanduku vidogo vya kuchomeka ukutani, vya miligramu mia kadhaa kwa saa, ambavyo mtu huambiwa anaweza kulala navyo. Hivyo ndivyo vinavyonitia wasiwasi zaidi. Kile kikubwa kinamfukuza mtu chumbani kwa ukali wake. Kidogo kinamzoesha. Pua nyingi huinusa ozoni ikiwa bado chini ya kikomo, lakini baada ya muda huzoea, na mwenye chumba anaamini hewa imetulia kumbe kiwango kinapanda. Jimbo la California liliamua kwamba kisafishaji hewa cha ndani kisitoe ozoni kupita sehemu 0.05 kwa milioni, na sheria hiyo imeshika kikamilifu tangu Oktoba 2010. Kipimo hicho kinafuta karibu kila kisanduku kinachouzwa kwa sifa ya kutoa ozoni.

Sasa turudi kwa ile harufu ya wiki nzima. Kisanduku kikizimwa, ozoni haidumu. Ndani ya chumba chenye pazia, nguo na godoro, nusu yake hupotea kwa makadirio ya robo hadi nusu saa, na nusu ya iliyobaki kwa muda kama huo tena. Hata ukianza na kiasi cha kutisha, kufikia kesho yake hakuna ozoni ya kunusa. Imekwenda wapi? Imekwisha kwa kugusa vitu, na kila ilichokigusa imekibadilisha.

Chukua mafuta ya kupikia. Ya mawese, ambayo ndiyo yanayokaanga sehemu kubwa ya chakula chetu, yana asidi ya oleiki karibu asilimia 40. Molekuli ya asidi hiyo ni mnyororo mrefu wa kaboni, na katikati yake pana kiungo dhaifu. Ozoni hukata pale pale. Kipande kimoja kinachoruka hewani kinaitwa nonanali, chenye kaboni tisa, na harufu yake ni ya mafuta yaliyokaa. Asidi ya linoleiki, iliyojaa kwenye mafuta ya alizeti, hutoa hekzanali, yenye ule ubichi wa nyasi. Vyote viwili ni aldehaidi, na pua ya binadamu huzinasa hata zikiwa chache mno. Watafiti Hong Wang na Glenn Morrison walipima nyuso za ndani ya nyumba nne huko Marekani, wakachapisha matokeo mwaka 2006: kaunta za jikoni, zenye utando wa mafuta usioonekana, zilitoa aldehaidi hizi kwa wingi zikiguswa na ozoni, na hazikuchoka kama mazulia yalivyochoka kwa umri. Sababu iko wazi: jikoni panapikwa kila siku, utando unajazwa upya.

Ukiwaza hilo kwa Kamenu, mambo yanakuwa mazito zaidi. Katika bedsita, jikoni ni hapo hapo penye kitanda. Mvuke wa kikaango unatua kwenye pazia, kwenye chandarua, kwenye ukuta wa kichwani. Hakuna uso usio na utando wa mafuta. Kuwasha ozoni humo ni kufanya chumba kizima kiwe malighafi.

Godoro nalo lina yake. Mafuta ya ngozi ya binadamu yana skwalini, takriban sehemu moja ya kumi, na ozoni huila kwa pupa. Mto uliolaliwa miaka miwili umejaa mafuta hayo. Matokeo yake ni aldehaidi nyingine na asetoni, na baadhi yake huwasha macho na koo. Sponji ya godoro na mpira wa asili hupata pigo la moja kwa moja: mpira hupasuka mistari midogo, elastiki ya shuka hulegea, sponji huanza kubomoka na kutoa harufu yake yenyewe.

Na sigara, ambayo ndiyo iliyomfanya mwenye ploti anunue kisanduku? Nikotini hung'ang'ania ukutani miezi mingi. Mwaka 2010 watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley, California, walionyesha kwamba ozoni ikikutana na nikotini, huzaliwa chembechembe ndogo sana zinazopenya hadi ndani ya pafu. Harufu ya moshi inapungua, ndiyo. Chembe zilizozaliwa hazina harufu ya kumwonya mtu.

Kuna kosa moja linalofanywa kila mara: mtu anapiga deki kwa dawa yenye harufu ya ndimu au msonobari, kisha anawasha kisanduku ili "ishike vizuri". Harufu hizo zinatokana na limonini na jamaa zake, na ozoni huzishambulia haraka kuliko karibu kitu kingine chochote chumbani. Kinachotoka ni pamoja na formaldehaidi, ambayo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka mwaka 2004 katika kundi la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Chumba kitanukia ndimu kidogo sana baada ya hapo.

Hatimaye kuna kisanduku chenyewe. Kinatumia hewa ya kawaida, na sehemu kubwa ya hewa ni nitrojeni. Cheche zilezile zinazotengeneza ozoni hutengeneza oksidi za nitrojeni, na siku za unyevu, asidi ya nitriki. Wenye visanduku vya bei ya chini wakivifungua, hukuta vyuma vya ndani vimeshika kutu.

Baada ya gharama yote hiyo, mtu atauliza: lakini inasafisha? Shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilikusanya ushahidi wa miongo mingi likahitimisha kwamba ozoni ikiwa katika kiwango kisichodhuru watu, haina nguvu ya maana dhidi ya uchafu wa hewa ya ndani. Kwa kemikali nyingi za nyumbani, mmenyuko wake huchukua miezi au miaka. Koga iliyozama kwenye plasta au kwenye ubao wa dari haifi, kwa sababu gesi inaishia juu juu. Kunguni aliyejificha kwenye mshono wa godoro anasalimika vilevile.

Lakini jambo ambalo ningetaka kila anayewasha jiko la mkaa ndani ya nyumba alijue ni hili: ozoni haiondoi kaboni monoksidi. Gesi hiyo ya jiko, inayoua watu usingizini kila msimu wa baridi, haina harufu. Kisanduku kinaweza kukuondolea harufu ya moshi, kikuache na kile kilicho ndani ya moshi. Unajisikia salama katika chumba kilichofungwa, na kufunga chumba ndiko hatari yenyewe.

Imani hii kwa ozoni si mpya. Mwanzoni mwa karne iliyopita London iliweka mitambo ya ozoni kwenye reli yake ya chini ya ardhi, na watu walisafiri kwenda pwani kuvuta "hewa ya ozoni". Mwaka 1913 Edwin Jordan na Anton Carlson wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha uchunguzi wao katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani. Waliona kwamba kiasi cha ozoni kinachotosha kuua vijidudu hewani kinamuumiza mtu kwanza, na kwamba harufu nyingi hazikuwa zimeharibiwa; zilifunikwa na harufu ya ozoni, au pua ilikuwa imechoshwa. Zaidi ya miaka mia imepita. Mwaka 1999 baraza la mahakama huko Tennessee liliikuta kampuni ya Alpine Industries, muuzaji mkubwa wa mashine hizi, ikitoa madai ya usafi na afya yasiyo na ushahidi wa kutosha. Biashara haikufa. Ilihamia kwa wauzaji wengine na nchi nyingine.

Wauzaji wana hoja moja ya kweli, na haki waipate. Baada ya nyumba kuungua, mafundi wa ukarabati hutumia ozoni katika majengo matupu, wakiwa wameziba milango, wakabandika maonyo, wakaondoa samani na mimea, na kuingiza hewa muda mrefu kabla ya mtu kurudi. Masharti hayo hayapatikani kwenye ploti. Vyumba vimepangwa mstari mmoja chini ya paa moja la mabati, na mara nyingi kuta za kugawa vyumba hazifiki juu. Unachokiwasha chumba namba nne kinapita juu ya ukuta hadi namba tano, ambako kuna mama anayenyonyesha na mtoto mwenye pumu. Hakuna aliyemwambia atoke. Kuku wa kwenye banda la nyuma huathirika hata kabla yake, kwa jinsi mapafu ya ndege yalivyo mepesi kuumia.

Wenye magari ya mitumba kutoka Japani wanafuata mtindo huohuo dhidi ya harufu ya sigara na ya kiyoyozi. Gari lina nafasi ya mita za ujazo chache tu, na limejaa mipira ya mlango na ya dirisha, na sponji ya viti. Hesabu ya chumba izidishe mara kadhaa. Kichujio cha kiyoyozi kikibadilishwa na mabomba ya ndani yakisafishwa, sehemu kubwa ya harufu hiyo huenda nayo.

Kama umeshawasha na harufu ya tatu imekaa, usiwashe tena. Kila duru hukata mafuta mapya na kuongeza aldehaidi. Fungua dirisha na mlango mchana wakati wa jua kali, kwa sababu joto huzisukuma zitoke, na upepo upite kutoka upande mmoja hadi mwingine. Osha kuta, milango, rafu na mfuniko wa mtungi wa gesi kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, kisha suuza. Shabaha yako ni ule utando wa mafuta. Pazia, chandarua na shuka zifuliwe. Godoro litolewe juani siku kadhaa, na kama sponji inabomoka vidoleni, litupwe. Usipulize manukato ya kunukisha chumba. Aliyekuwa ndani kisanduku kikiwaka, akakohoa, akasikia kifua kimebana au pumzi fupi, apelekwe hospitali hata kama alionekana kupata nafuu; madhara ya ozoni nyingi kwenye mapafu yanaweza kujitokeza saa kadhaa baadaye. Mwambie daktari kilichowashwa ni nini. Kwa watu wa Kamenu, Hospitali ya Level 5 ya Thika haiko mbali.

Na kwa mwenye ploti anayetafuta njia nyingine: harufu ina mahali inapotoka, patafute. Choo cha ndani kisichotumika muda mrefu hukaukiwa maji kwenye kizuio cha bomba, harufu ya mtaro ikapanda. Ndoo moja ya maji inamaliza kesi. Koga maana yake maji yanaingia, ama kutoka kwenye mabati, ama yanapanda kutoka msingini, na plasta haitapona hadi maji yazuiwe. Ukuta wa moshi wa sigara unaoshwa kwa sabuni, unaachwa ukauke, unapakwa andakoti inayoziba madoa, kisha rangi. Panya aliyekufa darini anatolewa kwa mikono. Hakuna kazi kati ya hizi inayoweza kufanywa na mashine mtu akiwa nje anasubiri.

Nawe mpangaji, ukionyeshwa chumba chenye harufu ya mafuta yaliyochacha ilhali kuta ni safi, muulize keateka kama kuna mashine iliyowashwa humo na ni lini. Uliza kabla ya kulipa diposti.